Kona ya Dada: Pikipiki, Pori na Hofu ya Mama

Leo barua za wachumba na mawifi zitasubiri kidogo. Nina barua ya binti wa Kumsenga ambayo nikiijibu yeye nitakuwa nimewajibu wengi, maana pikipiki imeingia kila kijiji cha Buha, kuanzia Kasulu na Kibondo hadi Kakonko, na wasichana nao wameanza kushika usukani.

Anaandika hivi:

“Dada, shikamoo. Nina miaka 24, naishi Kumsenga. Kaka yangu alinifundisha pikipiki tangu nikiwa sekondari, na leseni ninayo. Nimedunduliza hela za maharage mpaka nikanunua pikipiki ya cc 125, ya mkononi lakini nzima. Shangazi ana duka Bukoba na ameniita nikamsaidie. Nataka kwenda na pikipiki yangu mwenyewe kwa sababu huko nitaihitaji kusambazia bidhaa. Mama amekataa katakata. Anasema pori la Kakonko hadi Nyakanazi si la mchezo, la Biharamulo ndiyo usiseme, na mtoto wa kike hakatizi porini peke yake juu ya pikipiki. Baba kanyamaza. Kaka anasema niipakie kwenye lori na mimi nipande basi. Nikifanya hivyo nitajiona nimeshindwa. Nifanyeje? Mdogo wako, Binti wa Kumsenga.”

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la kushindwa, kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi kuliko pori. Ukipakia pikipiki kwenye lori, utafika Bukoba ukiwa na pikipiki yako na kazi yako, na hakuna mtu atakayekuuliza ulipandia wapi. Mtu anayesafiri ili kumthibitishia mwenzake kitu huendelea na safari hata pale alipotakiwa kusimama. Atapita mji wa mwisho wenye gesti jua likizama, na atawasha injini mvua ikinyesha. Kama unaondoka kwa sababu hiyo, panda basi na mwaka kesho tutaongea. Kama unaondoka kwa sababu unaipenda barabara, unaijua pikipiki yako na una kazi ya kuifanyia, sogea tupange.

Tuanze na mama. Hofu yake hakuiokota njiani. Wanaokumbuka miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 wanajua mabasi ya Kibondo yalivyokuwa yakipita mapori haya kwa msafara, na askari wenye bunduki ndani. Vita vya majirani zetu vilikuwa vimesambaza silaha, majambazi wakazipata, na msafiri wa kawaida ndiye aliyelipa. Kwa hiyo mama akisema “pori la Nyakanazi”, anaona vitu ambavyo wewe hukuviona. Usimcheke, wala usimwambie mambo yamebadilika kana kwamba yeye amebaki nyuma. Mwambie umesikia, kisha umwoneshe mpango.

Lakini na mimi nina neno kwa akina mama wa Kumsenga. Mnapanda pikipiki kila siku. Mnakwenda nayo mnadani na kliniki, mkiwa nyuma ya kijana msiyejua kama ana leseni, bila kofia ngumu, mtoto mgongoni na gunia mbele. Hapo hakuna anayekataa. Binti akitaka kuishika mwenyewe, akiwa na leseni na kofia, ndipo pikipiki inageuka chombo cha hatari. Tuogope kinachostahili kuogopwa: mwendo kasi, giza, pombe na kichwa kitupu.

Sasa mpango. Nikupe kanuni moja, ukisahau mengine yote ibaki hii: panga safari kwa watu, si kwa kilomita. Kutoka kwenu hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 300. Namba hiyo haikusaidii kitu cheni ikikatika katikati ya miti. Kinachosaidia ni kujua ni nani anajua uko wapi, na ni wapi mbele yako kuna watu. Kwa hiyo usiseme “leo natembea kilomita 200”. Sema: natoka Kumsenga, naonekana Kibondo, naonekana Kakonko, naonekana Nyakanazi, naonekana Lusahunga, nalala Biharamulo. Kesho yake naonekana Muleba, naingia Bukoba. Kila “naonekana” ni mahali pa kusimama, kunywa maji, kugusa cheni na kutuma ujumbe. Mtu mmoja nyumbani awe ndiye mshika zamu. Mwandikie: “Nimetoka Kakonko saa nne kasoro, nategemea Nyakanazi saa tano na nusu.” Mkubaliane kabisa kwamba muda ukipita kwa saa moja bila neno, apige, na asipokupata ampigie mtu wa kituo kinachofuata. Mtandao hukatika porini, kwa hiyo ujumbe utumwe kabla ya kuingia. Ukishaingia umechelewa.

Kipande cha kwanza ni udongo wetu mwekundu mpaka uifikie lami. Wakati wa mvua, yaani kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, udongo huo huteleza kuliko sabuni. Kaa gia ya pili, mwendo wa kadiri, macho mbali mbele badala ya kutazama tairi, na breki ya mbele usiibane ghafla. Ukiweza kuchagua, ondoka kati ya Juni na Septemba. Utakula vumbi, na asubuhi za milimani kwetu zitakugandisha vidole, lakini vumbi linafutika na glovu zinauzwa.

Ukishika lami kuelekea kaskazini, hatari inabadilika sura. Barabara hii ya Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi tumeilia miaka mingi, na imejengwa kwa vipande: Nduta hadi Kabingo kilomita 62.5, Kabingo hadi Nyakanazi kilomita 50. Zamani mashimo ndiyo yaliyotupunguzia mwendo, yakatuokoa bila sisi kujua. Lami nzuri inakuvuta, unajikuta uko 90 na mbele ng’ombe watano wanavuka. Pikipiki ya cc 125 yenye mzigo iache kwenye 50 hadi 60. Kila baada ya saa moja simama, shuka, nyoosha mgongo. Mwendo huo utakufikisha bila tabu, na ukiona kitu mbele utakuwa na nafasi ya kusimama.

Nyakanazi ni njia panda, na hapo unakutana na wakubwa. Malori yanayotoka Dar kwenda Rwanda na Burundi yanapita hapo, na hadi Lusahunga utagawana nayo barabara. Lori likikupita, upepo wake kwanza unakusukuma, kisha unakuvuta. Shika usukani kwa uthabiti bila kuukakamaza, kaa kushoto, usibishane nalo. Ukiona lori linakuja mbele na jingine linalipita, toka barabarani. Haki ni yako, lakini mbavu pia ni zako.

Lusahunga unaacha njia ya Rusumo na kukamata ya Biharamulo. Fika Biharamulo saa tisa alasiri, ulale hapo hata kama una nguvu za kuendelea. Jua la kwetu magharibi huchomoza na kuzama nusu saa hivi baada ya la Dar, kwa hiyo jioni inaonekana ndefu na inadanganya. Na usiniambie kwamba mabasi yameruhusiwa kutembea usiku tangu mwaka 2023. Basi lina taa kubwa, abiria hamsini na dereva wa pili. Wewe una taa moja, na uko peke yako.

Asubuhi ya pili ndiyo ya pori lenyewe. Kati ya Biharamulo na Muleba barabara inapita kwenye Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Usiwe chombo cha kwanza kuingia alfajiri. Kunywa chai, acha mabasi na malori mawili matatu yatangulie. Ukiwa ndani hakuna kusimama kupiga picha, na hakuna kula ndizi mbele ya nyani. Ukikuta tembo barabarani, simama mbali kabisa, usipige honi, usijaribu kuchomoka pembeni yake, geuza pikipiki taratibu ielekee ulikotoka, na subiri. Gari likija nyuma yako, liache litangulie. Tembo akimaliza atavuka.

Lakini kuna mbung’o, na hapo lazima nikae kidogo, kwa sababu wengi wanajiandaa kwa simba na kumsahau huyu. Mapori yetu ya miombo ni nyumba yake. Anafuata kitu kinachokwenda, na rangi zinazomvuta zaidi ni bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya mbung’o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa hiyo koti lako jeusi zuri la mtumba liache. Vaa kaki au rangi iliyopauka, nguo nzito, mikono mirefu, shingo imefungwa, kwa sababu shati jepesi analitoboa. Bibi zetu wanaijua habari yake vizuri. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Waingereza iliwahamisha Waha kwa maelfu na kuwakusanya kwenye makazi mapya, ikisema inapambana na malale. Ugonjwa huo haujawa hadithi. Ukiumwa na mbung’o usitaharuki, maana wengi wao hawana vimelea. Lakini ukipata homa na kichwa kuuma ndani ya wiki chache baada ya safari, usiishie kumeza dawa ya malaria. Nenda hospitali na useme waziwazi: nilipita porini, niliumwa na mbung’o. Daktari wa mjini hawezi kukisia njia uliyopita.

Tuje kwenye pikipiki. Sevisi ifanyike wiki moja kabla, si jioni ya kuamkia safari. Badilisha oili, plagi, brekishuu kama zimekwisha, kisha uiendeshe wiki nzima hapo hapo Kumsenga, ili kilicholegezwa na fundi kilegee ukiwa nyumbani. Cheni ukiisukuma kwa kidole katikati icheze sentimita mbili hadi tatu. Ikikaza sana hukatika, ikilegea huruka. Beba tyubu ya mbele na ya nyuma, viraka na gundi yake, pampu, plagi, kiungio cha cheni, waya wa klachi, fyuzi na spana ya kufungulia tairi la nyuma. Halafu, na hili nakuomba kama dada, litoe tairi la nyuma wewe mwenyewe uani, ulipachike upya, kaka akiwa ameketi anaangalia tu. Spana usiyoijua kuitumia ni chuma cha kuongeza uzito.

Mafuta jaza kituoni Kibondo, ongeza Nyakanazi, ongeza Biharamulo, hata kama tangi lina nusu. Pikipiki nzima ya ukubwa huo inakula lita moja kwa kilomita 40 au zaidi, kwa hiyo tatizo si umbali. Tatizo ni mafuta ya chupa ya kando ya barabara, ambayo huwezi kujua yamechakachuliwa na nini. Yawe ya dharura tu.

Mzigo ufunge chini na katikati kwa kamba za mpira wa tyubu, usizidi urefu wa mabega yako ukiwa umekaa. Maharage ya shangazi kilo tano zinatosha, gunia lipande basi. Kofia ngumu ni lazima kisheria kwa dereva na kwa abiria, na Shirika la Afya Duniani linasema kofia nzuri iliyovaliwa sawasawa hupunguza sana hatari ya kufa. Iliyovaliwa sawasawa maana yake kamba ya kidevuni imefungwa. Kofia iliyoning’inizwa kwenye kiwiko inalinda kiwiko.

Karatasi ni jambo kubwa mkoani kwetu. Tuko mpakani, vizuizi vipo, na Mha akisimamishwa huulizwa maswali ambayo mtu wa Dodoma haulizwi. Inauma, najua, lakini barabarani si mahali pa kulimaliza. Beba kitambulisho cha NIDA, leseni yenye daraja la pikipiki, kadi ya pikipiki na bima. Kama kadi bado ina jina la aliyekuuzia, badilisha kabla ya safari. Zipige picha zote umtumie mshika zamu wako. Na usipokee mzigo wa mtu, hata wa jirani, bila kuufungua na kuuona. Kifurushi cha “nyama kidogo ya mjomba” kikiwa nyamapori, mwenye kesi ni wewe. Vivyo hivyo usimpakie usiyemfahamu. Ndugu zetu wakimbizi walioko kambini ni watu kama sisi, lakini sheria inawataka wawe na kibali cha kutoka kambini, na huwezi kumsaidia mtu kwa kumpeleka kwenye kizuizi bila kibali.

Sasa ya kwetu wanawake, nayaandika wazi kwa sababu hakuna fundi atakayekwambia. Vaa suruali ngumu na viatu vya kufunika vifundo. Khanga mbili ziwe juu kabisa ya begi: utajifunga ukifika kwa watu wazima, utajisitiri ukichimba dawa, utajifunika usiku. Beba pedi hata kama si tarehe zako, maana uchovu wa safari unaweza kuvuruga hesabu. Usijinyime maji ili usisimame kukojoa. Ukikosa maji kichwa kinauma na macho yanakuwa mazito. Simama kwenye nyumba yenye mama anayepika, omba choo kwa heshima, nunua hata chapati moja. Hapo umeongeza mtu mwingine anayejua umepita.

Gesti chagua ile yenye familia inayoishi humo, lango linalofungwa, na nafasi ya kuingiza pikipiki ndani. Jaribu komeo kabla ya kulipa. Ukiulizwa uko na nani, kaka yako yuko njiani anakuja, basi. Na ujue hujaanza wewe. Miaka ya 1930 na 1940 Bessie Stringfield, mwanamke mweusi wa Marekani, aliizunguka nchi yake peke yake kwa pikipiki. Hoteli za Wazungu zilipomkataa kwa rangi yake, alilala kwa familia za watu weusi zilizomkaribisha, na alipokosa familia alilala juu ya pikipiki yake kwenye vituo vya mafuta. Popote alipokuwa, alitafuta penye watu na mwanga.

Umebaki na baba aliyenyamaza. Mdogo wangu, baba wa Kiha akinyamaza hajakataa, anasubiri kuona kama una akili. Usimwendee na machozi. Mwendee jioni akiwa ametulia, na daftari lenye majina: utalala kwa nani, nani yuko Kakonko, namba ya shangazi, siku ya kurudi kama mambo yakiharibika. Mwombe akutafutie mtu mmoja anayemjua Biharamulo au Nyakanazi. Wazee wetu wamefanya biashara ya ng’ombe na maharage huko kote, hawakosi mtu. Akishatoa jina, safari imekuwa yake pia. Mama mwachie zamu ya simu: yeye ndiye wa kutumiwa kila ujumbe. Aliyetaka ubaki kwa sababu hatajua ulipo, sasa atajua kuliko wote. Na mpe haki moja: akikwambia “lala hapo hapo”, utalala, bila ubishi.

Kabla ya yote, fanyeni jaribio. Nenda Kakonko na urudi siku hiyo hiyo, kaka akifuata nyuma na pikipiki yake bila kukuelekeza chochote. Ukirudi hujachoka kupita kiasi, na umetuma ujumbe kila mahali mlipokubaliana, wote mtakuwa na jibu. Ukisahau ujumbe hata mmoja, panda basi.

Majibu mafupi

*Kijana wa Kasulu* anauliza kama anaweza kupiga mshikaki wa watu wawili hadi Kibondo kwa kuwa “ni wepesi”. Hapana. Pikipiki imetengenezwa kubeba abiria mmoja, na breki hazijui kama abiria wako ni wembamba. Nenda mara mbili au mwache mmoja apande basi.

*Mama mjamzito wa Kakonko* anaogopa kupanda bodaboda usiku uchungu ukianza. Una haki ya kuogopa. Ongea na zahanati yako sasa kuhusu m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Namba ni 115, kupiga ni bure. Iandike ukutani, mume na jirani waijue. Kama nyumba yako iko mbali na barabara, sogea kwa ndugu aliye karibu na kituo cha afya wiki chache kabla ya tarehe.

*Bodaboda wa Kibondo* anasema mteja amempa dau nono ampeleke Nyakanazi saa nne usiku. Mteja mwenye haraka ya kweli atakubali kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na atakubali uchukue picha ya kitambulisho chake mbele ya wenzako kijiweni. Akikataa yote mawili, umeshapata sababu ya kumkataa.

Binti wa Kumsenga, ukifika Bukoba niandikie. Ukiamua kupanda basi, niandikie pia, nitafurahi vilevile.

Dada yenu.